Faili moja, majibu mawili: kutatua vipimo vya ukolevu wa kontrasti kwenye uvimbe wa ubongo

Mimi nilipata 0.36. Mwenzangu, akitumia faili lile lile la mgonjwa yule yule, alipata 0.56. Hizo ni milimoli za gadolini, ile dawa ya kontrasti tunayodunga kwenye MRI, kwa kila lita ya tishu ndani ya uvimbe, na hakuna hata moja ambayo ungeitazama ukasema hii haiwezekani. Daktari wa upasuaji alikuwa amesimama mlangoni. "Sasa ndugu zangu, nishike ipi?" Tukamwomba atuachie hadi asubuhi.

Mwongozo huu ulianza usiku ule, katika chumba kidogo cha kompyuta chenye feni mbovu hapa Mwanza. Tangu hapo nimekuwa nikiandika daftarini kila namba iliyotugomea na kilichokuwa nyuma yake. Nawaandikia maradiografa na wenzangu wa fizikia ya tiba wanaotaka kutoka kwenye "uvimbe umewaka baada ya dawa" waende kwenye "uvimbe una dawa kiasi hiki". Anayetaka kujua tu kama uvimbe umewaka, macho ya daktari wa radiolojia yanamtosha; asijisumbue na haya.

Usiku wa giza ukisimama Capri Point unaona taa za wavuvi wa dagaa zimejipanga ziwani kama mji mwingine. Unaweza kuhesabu taa, ukakisia mitumbwi, ukakisia hadi ndoo zitakazoshuka soko la Mwaloni asubuhi. Dagaa mwenyewe hujamwona. Ndivyo MRI ilivyo na gadolini. Mashine inasikiliza protoni za maji basi. Ioni ya gadolini iliyo ndani ya dawa ina elektroni 7 zisizo na wenzi, na molekuli ya maji ikipita jirani nayo hurudi kwenye utulivu wake upesi zaidi. Muda huo wa kurudi ndio T1. Ukijua T1 ya kabla ya dawa na ya baada ya dawa, unapata ukolevu hivi:

ukolevu = (1/T1 ya baada − 1/T1 ya kabla) ÷ r1

Hapo r1 ni nguvu ya dawa yenyewe ya kufupisha T1, kwa lita kwa milimoli kwa sekunde. Hesabu ni ya kugawanya na kutoa tu. Kazi iko kwenye swali moja ambalo utaliona likirudi kila mahali hapa chini: herufi hii umeipima, au umeikopa?

Watu wawili, faili moja, majibu tofauti

Turudi kwa ile 0.36 na 0.56. Tulikuwa na dawa moja, r1 moja ya 3.6, na picha zile zile za mfululizo, zinazopigwa moja baada ya nyingine dawa ikiingia: muda wa kurudia, yaani kati ya mpigo wa redio na mpigo unaofuata, milisekunde 5; pembe ya mpinduko, yaani kiasi mpigo unavyozipindua protoni, digrii 15. Mng'ao wa uvimbe ulipanda mara 2.4 baada ya dawa. Hadi hapo hatukutofautiana.

Tofauti ilikuwa kwenye T1 ya kabla. Mimi nilitumia ramani ya T1 tuliyopiga kabla ya sindano, ikaniambia uvimbe una milisekunde 1400. Programu ya mwenzangu ilikuwa na kisanduku kilichojazwa 1000 tangu kiwandani, naye hakukigusa. Kwa mng'ao ule ule uliopanda mara 2.4, anayeanzia 1400 anafika 500, na anayeanzia 1000 anafika kama 333. Weka kwenye hesabu uone: wa kwanza 0.36, wa pili 0.56. Zaidi ya nusu imeongezeka juu ya namba ya kweli, na picha haikubadilika hata chembe.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba halina sura. Kosa linalokupa milimoli 40 utalikamata mwenyewe. Hili linakupa namba nzuri, unaiandika, unalala usingizi.

Tiba yake ni kupima T1 ya kabla kwa kila mgonjwa, kila mara. Uvimbe haufanani: wenye maji mengi una T1 ndefu, uliobana una T1 fupi, na ndani ya uvimbe mmoja kuna sehemu zote mbili. Kama muda hauruhusu mbinu ya kupindua na kusubiri, ambayo ndiyo ya kuaminika zaidi ila ni ndefu, piga picha za pembe kadhaa, mathalani digrii 2, 5, 10 na 15, kwa muda ule ule wa kurudia utakaotumia kwenye mfululizo. Kisha jikague kwenye tishu unayoijua. Kwenye mashine yenye sumaku ya nguvu ya tesla 1.5, sehemu nyeupe ya ubongo iliyo nzima iwe kama milisekunde 600 hadi 700. Kwenye tesla 3 iwe 800 hadi 900. Ukiona 1100 kwenye tesla 1.5, usiendelee na uvimbe. Rudi nyuma.

Ramani ina umbo la bakuli

Dalili: T1 ya sehemu nyeupe ni ndefu katikati ya kichwa na inafupika kuelekea fuvu, kama bakuli lililogeuzwa. Ubongo wa mtu haujaumbwa hivyo. Hiyo ni mashine.

Chanzo ni pembe ya mpinduko. Umeagiza digrii 15, lakini mawimbi ya redio hayafiki sawasawa kila mahali. Kwenye tesla 3 katikati ya kichwa hupata zaidi ya ulichoagiza, na pembeni hupata pungufu. Kwa mbinu ya pembe kadhaa, kosa la pembe linaingia kwenye T1 kwa kipeo cha pili: ukipata asilimia 90 ya pembe uliyoagiza, T1 inasomeka asilimia 81 ya ile ya kweli. Uvimbe wa 1400 unajitangaza kuwa kama 1130.

Halafu linaingia kwenye ukolevu. Kama picha za mfululizo nazo zilipigwa kwa mbinu hiyo hiyo, sehemu iliyopata asilimia 90 ya pembe itaonyesha dawa mara 1.23 ya iliyopo, na iliyopata asilimia 110 itaonyesha mara 0.83. Kwa hiyo vivimbe viwili vyenye dawa sawa kabisa, kimoja pembeni na kingine katikati, vitaonekana kimoja kina karibu mara moja na nusu ya kingine. Nimewahi kuona mtu akieleza kwa bidii kwa nini uvimbe wa pembeni ni mkali zaidi. Maelezo yalikuwa mazuri sana.

Piga ramani ya pembe. Kwenye mashine nyingi ni dakika moja au mbili. Rekebisha T1 na mfululizo kwa ramani hiyo hiyo. Mashine yako kama haina mbinu hiyo, baki na tesla 1.5 ambako tatizo ni dogo, na usilinganishe vivimbe vilivyo sehemu tofauti za kichwa.

Damu inaonekana kana kwamba haikudungwa

Hapa ndipo tumepoteza siku nyingi zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ukitaka kujua dawa inavuja kwa kasi gani kutoka mshipani kuingia kwenye uvimbe, yaani ile Ktrans, ukolevu ndani ya uvimbe peke yake hautoshi. Unahitaji na ukolevu ndani ya damu kwa kila sekunde chache. Dalili ya kwanza ni kilele cha dawa ndani ya damu kuwa kifupi mno. Kwa dozi ya 0.1 milimoli kwa kilo ikisukumwa haraka, kilele huwa milimoli kadhaa kwa lita. Mimi nikiona chini ya 2 nasimama.

Mara nyingi mkosaji ni damu mpya. Ukichagua ateri inayoingia kwenye eneo la picha kutoka shingoni, damu yake ni ngeni: haijapigwa na mawimbi ya redio mara za kutosha, kwa hiyo inang'aa tayari kabla ya dawa. Dawa ikija, nafasi ya kupanda imebaki ndogo, na programu inasoma "dawa kidogo". Ni kama kupima nani kapanda ngazi ilhali mmoja alianzia ghorofa ya pili. Panua eneo la picha lishuke hadi shingoni, au tumia mshipa mkuu wa utosini, ule unaopita katikati ya kichwa kwenda kisogoni. Ni mpana, na damu yake imeshazunguka ndani ya ubongo ikapigwa vya kutosha. Inachelewa sekunde chache kuliko ateri; rekebisha muda huo.

Dalili ya pili ni kilele kilichokatwa bapa, au chenye bonde katikati kama paa lililobonyea. Hapo dawa si kidogo, ni nyingi. Gadolini haifupishi T1 peke yake, inaua na ishara kupitia T2*, ule muda wa ishara kufifia, na ikijazana kwenye mshipa mkubwa kifo hicho kinashinda mng'ao. Fupisha muda wa mwangwi, yaani toka mpigo wa redio hadi kusoma ishara, kadiri mashine inavyokubali, milisekunde 2 au chini yake. Ukibaki na bonde, usilisawazishe kwa mkono kwenye kompyuta ukajifanya hukuliona.

Dalili ya tatu: kilele kiko mahali pake lakini ni chembamba na kinarukaruka. Umepiga picha kwa nafasi kubwa mno. Damu inapita kwa sekunde chache tu. Ukipiga kila baada ya sekunde 10 unaweza kukikosa kilele chote. Sekunde 5 au pungufu, na angalau picha tano za mwanzo kabla ya dawa kuingia.

Dalili ya nne haionekani kwenye mchoro wowote, na ndiyo ya huku kwetu. Dawa haiingii ndani ya chembe nyekundu. Inakaa kwenye plazima. Kwa hiyo ukolevu wa damu nzima unagawanywa kwa (1 − hematokriti) ili kupata ukolevu wa plazima; hematokriti ni sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu. Programu nyingi zimeshajaza hematokriti ya 0.42 au 0.45, namba ya mtu mzima mwenye afya. Kanda ya Ziwa tuna selimundu, tuna malaria, tuna minyoo, tuna akina mama waliotoka kujifungua. Mgonjwa mwenye HB (hemoglobini) ya 8 ana hematokriti ya kama 0.24; zidisha HB kwa 3 upate asilimia, hesabu ya haraka ambayo kila muuguzi anaijua. Sasa chukua damu yenye milimoli 3. Kwa 0.42 ya programu, plazima inasomeka 5.2. Kwa 0.24 ya kweli, ni 3.9. Umeikuza plazima kwa asilimia 31, na Ktrans imeshuka karibu robo. Uvimbe unaovuja unaonekana mpole.

Na kuna mtego ndani ya mtego. Mgonjwa huyo huyo akiongezewa damu kabla ya skani ya pili, hematokriti yake imepanda hadi, tuseme, 0.33. Programu bado inasema 0.42. Ktrans "imepanda" bila uvimbe kufanya lolote. Siku hizi fomu yetu ya MRI ina mstari wa HB ya siku ile ile, na mwingine wa kuuliza kama mgonjwa ameongezewa damu tangu skani iliyopita. Ule wa pili ndio unaosahaulika. Damu pungufu pia ina T1 ndefu kidogo kuliko milisekunde 1400 hadi 1500 tunazokopa kwa tesla 1.5, ila kosa hilo ni dogo ukilinganisha na lile la kwanza.

Angalizo: hematokriti haigusi ukolevu wa dawa ndani ya uvimbe. Inagusa plazima na kila kinachotokana nayo. Kama ripoti yako inaishia kwenye ukolevu tu, ruka aya hizo mbili kwa amani.

Kila kitu kimekuwa maradufu

Damu maradufu, uvimbe maradufu, hata misuli ya kichwa inang'aa kupita kawaida. Kosa la fizikia ni mara chache ligonge kila tishu kwa uwiano ule ule. Tazama bomba la sindano.

Gadotereti huja na 0.5 milimoli kwa mililita, gadobutroli huja na 1.0. Dozi ya 0.1 kwa kilo, kwa mtu wa kilo 60, ni mililita 12 za kwanza au mililita 6 za pili. Ghala likibadilisha dawa bila kuambia chumba cha skani, na injekta ikabaki na mpangilio wa jana, umedunga mara mbili. Hilo si tatizo la namba tena, ni la mgonjwa. Mjulishe daktari papo hapo na angalia figo zake.

Ikiwa ongezeko ni la theluthi au robo, shuku uzito. Dada yetu mmoja wa mapokezi, mkongwe kuliko sisi sote, ana swali lake moja: "Umempima, au umemuuliza?" Mtu aliyetoka Ukerewe na miezi minne ya kutapika hana uzito alioandikiwa kliniki mwaka jana. Weka mizani mlangoni.

Upande wa pili, kila kitu kikiwa nusu, tazama kanula. Dawa imebaki mkononi chini ya ngozi, au salaini ya kusukuma mkia, ile mililita 20, haikufuata. Mkono uliovimba utakujibu kabla ya kompyuta.

Kuna kipimo cha akili ambacho hakihitaji programu yoyote, nacho nakipenda kuliko vyote. Dawa hizi huenea kwenye maji yaliyo nje ya chembe, kama lita 0.2 kwa kila kilo ya mwili. Gawa dozi ya 0.1 kwa 0.2, unapata 0.5. Yaani dawa ikishatulia mwilini, baada ya dakika kumi na kitu, plazima inapaswa kuwa jirani na nusu milimoli kwa lita, juu kidogo ya hapo mwanzoni, kisha ishuke polepole figo zikifanya kazi. Nusu ya dawa hutoka kwa kama saa moja na nusu. Na kwa kuwa dawa inakaa nje ya chembe tu, uvimbe hauwezi kuwa na ukolevu mkubwa kuliko plazima iliyoulisha. Ukipata plazima 0.6 na uvimbe 2.8 katika dakika ya kumi, acha kutafuta maelezo ya kitabibu. Hesabu imevunjika mahali.

Namba za kichaa

Hizi hazihitaji maneno mengi. Ukolevu ukiwa mkubwa au mdogo mara 1000, mtu kachanganya sekunde na milisekunde. Ktrans ikikosea mara 60, ni sekunde na dakika.

T1 ikiwa hasi, au sekunde 8 ndani ya ubongo, au ramani ikiwa na ngazi kana kwamba picha za pembe tofauti zimetoka kwa mashine tofauti: ni kiwango cha kukuza ishara. Mashine ilijipanga upya kati ya pembe na pembe, au ilihifadhi kila picha ya DICOM, yaani faili la picha za hospitali, kwa kizidisho chake. Zuia kujipanga upya baada ya picha ya kwanza, na soma vizidisho ndani ya faili kabla ya kugawanya chochote. Zima pia kichujio cha kusawazisha mng'ao. Kinapendeza macho na kinaharibu hesabu.

Ukolevu hasi hapa na pale ni makelele, na ni wa kawaida. Usiugeuze sifuri. Ukifuta hasi zote ukabakiza chanya, wastani wa tishu isiyo na dawa utapanda juu ya sifuri, na utakuwa umetengeneza dawa kwa kifutio. Ukolevu hasi uliojipanga ukingoni mwa uvimbe kama pete ni habari nyingine: kichwa kimesogea kati ya ramani ya T1 na mfululizo. Panga picha upya kwanza.

Mstari unateleza kabla ya dawa

Picha za mwanzo, kabla ya sindano, zinapaswa kuwa tambarare. Zikiwa zinapanda au kushuka taratibu, mashine haijatulia. Umeme ukikatika, jenereta likaingia, kisha umeme ukarudi, msiwe na haraka ya kumrudisha mgonjwa. Mashine ndogo za sumaku ya kudumu ndizo zinaonewa zaidi, kwa sababu nguvu ya sumaku hiyo hubadilika na joto, na kiyoyozi kilichozimika saa moja kinatosha kuihamisha.

Jaribio ni rahisi: weka fantomu, yaani chombo cha majaribio kinachokaa mahali pa mgonjwa, piga mfululizo wa dakika 6 bila kudunga kitu. Mstari ukiteleza kwenye fantomu, hutaupata tambarare kwenye mtu. Sisi tulifanya hivyo mchana mmoja wa Oktoba, tukakuta nusu ya "kuvuja polepole" tulikokuwa tukikuripoti ni koili, ile antena ya kichwani, ikipata joto. Sikufurahi siku ile.

Dawa kabla ya dawa

Sehemu ya uvimbe inang'aa tayari kwenye picha za T1 za mwanzo, na baada ya dawa inaonyesha ukolevu wa ajabu au sifuri. Hiyo ni damu iliyovujia humo siku zilizopita. Hemoglobini yake ikibadilika hufupisha T1 kama gadolini inavyofanya. T1 uliyoikopa ikikosea mahali popote itakosea zaidi hapo, kwa hiyo ramani iliyopimwa ni ya lazima. Hata ukiwa nayo, toa sehemu hiyo kwenye wastani wa uvimbe na uandike kwamba umeitoa. Huku kwetu wengi hufika uvimbe ukiwa umekua, na umetokwa damu humo ndani zaidi ya mara moja.

Hospitali mbili zinapishana kwa kiasi kile kile

Mgonjwa kapigwa kwetu, kisha kapigwa kwingine, na tofauti si ya kubahatisha: kila tishu ni pungufu kwa asilimia kama 30. Ulizeni r1. Kwenye plazima ya joto la mwili na tesla 1.5, gadotereti ina kama 3.6 na gadobutroli kama 5.2. Aliyedunga ya kwanza akahesabu kwa namba ya pili amepoteza asilimia 31. Kila dawa na namba yake.

Na tukiri kwamba hata r1 sahihi ni ya mkopo. Imepimwa kwenye plazima ndani ya kichupa, nasi tunaitumia kwenye tishu ambamo maji yanaingia na kutoka ndani ya chembe wakati dawa imebaki nje. Kwa ukolevu mdogo mkopo huo unalipika.

Fantomu ya salaini

Usinunue kabla hujajitengenezea. Kama dawa yako ni ya 0.5 milimoli kwa mililita, mililita 1 ikiingia kwenye mililita 499 za salaini inakupa milimoli 1 kwa lita. Pima salaini kwa bomba la sindano. Usiamini chupa iliyoandikwa 500, kwa kuwa viwanda huzidisha kidogo. Punguza nusu kwa nusu upate 0.5 na 0.25. Tengeneza na ya 2 na ya 5, na kichupa kimoja kisicho na dawa. Maji ya bomba usiguse, wala ya ziwa. Yana madini yake. Toa mapovu, laza vichupa kwenye beseni la maji, acha vifikie joto la chumba, andika joto hilo.

Chora 1/T1 dhidi ya ukolevu. Unataka mstari ulionyooka. Mteremko wake ndio r1 yako kwa joto lile, na utakuwa tofauti na ile ya plazima ya nyuzi 37, kwa hiyo usiuhamishie kwa mgonjwa. Kazi ya fantomu ni kukuonyesha unyoofu. Mstari ukijikunja kwenye 5 tu, mbinu yako imefika mwisho wake, na sasa unajua dari yako iko wapi. Ukijikunja kuanzia 0.5, shuku pembe zako kwanza, rudi kwenye bakuli.

Wanaopima mtiririko wa damu kwa T2* wana ugonjwa wao mmoja ambao naupitia kwa haraka: mstari unaozama dawa ikipita, kisha unapanda juu ya ulipoanzia. Dawa imevuja kwenye uvimbe na T1 inaangaza juu ya T2*. Dozi ndogo ya awali dakika chache kabla, pamoja na marekebisho ya uvujaji kwenye programu, hupunguza.

Namba ni sahihi, lakini swali limebadilika

Kuna faili nililolichambua mara nne. T1 ilipimwa, pembe ilirekebishwa, HB ilikuwepo, uzito wa mizani. Ktrans ilikuwa imeshuka kwa theluthi toka skani ya mwezi uliotangulia, na mgonjwa hajapata tiba yoyote ya uvimbe. Nilitafuta kosa hadi nikamkera kila mtu. Mwishowe muuguzi wa wodini akanifungulia kadi ya dawa: deksamethasoni, wiki mbili. Dawa hiyo hukaza ukuta kati ya damu na ubongo, uvujaji ukapungua. Kipimo kilikuwa kimesema kweli, mimi ndiye sikujua kinajibu nini.

Vivyo hivyo baada ya mionzi, tishu inaweza kuvuja kwa jeraha bila uvimbe kukua. Na pete inayong'aa ubongoni si lazima iwe uvimbe: kifua kikuu cha ubongo na toksoplazma kwa mwenye VVU huvuja dawa vizuri sana, na ukolevu wao unaweza kulala pale pale ulipolala wa uvimbe. Namba haitawatofautisha.

Yule daktari wa upasuaji tulimpa 0.36 asubuhi. Chini yake tuliandika T1 ya kabla na jinsi ilivyopimwa, dawa na r1 yake, dozi na uzito wa mizani, HB ya siku ile, na kama mgonjwa yuko kwenye deksamethasoni. Akasoma, akaguna, akauliza kwa nini hatukumwandikia hivyo tangu mwanzo. Mgonjwa alirudi baada ya miezi mitatu, zamu ikiwa ya watu wengine kabisa, nao wakapiga kwa pembe zile zile.